Kipanga Aliyepewa Jeshi: Dara Shikoh Mbele ya Ngome ya Kandahar

Ukipita vimbwetani msimu wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, hukosi kusikia hoja hii: kipanga hafai uongozi. Anayepata A zake aachwe na vitabu vyake, uongozi wapewe wanaojua watu. Wenzetu wa Historia wana mfano wao wanaoupenda sana kwenye hoja hiyo. Ni Dara Shikoh, mwana wa mfalme wa Bara Hindi aliyependa vitabu kuliko upanga, akapewa jeshi, akashindwa kuiteka ngome moja ya mpakani, na miaka sita baadaye akauawa kwa amri ya mdogo wake wa tumbo moja. Mfano ni mzuri. Tatizo ni kwamba husimuliwa nusu, na hiyo nusu inayoachwa ndiyo yenye mambo.

Dara alizaliwa Machi 1615 karibu na Ajmer. Baba yake, wakati huo bado akiitwa mwanamfalme Khurram, ndiye Shah Jahan wa baadaye. Mama yake ni Mumtaz Mahal, yule aliyejengewa Taj Mahal. Mabinti walishatangulia, lakini yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, na moyoni mwa baba yake hakuna ndugu aliyewahi kumfikia.

Alikuwa na miaka saba tu Kandahar ilipoingia kwenye maisha yake mara ya kwanza. Mwaka 1622 Shah Abbas wa Uajemi aliizingira ngome hiyo akaichukua. Babu yake Dara, mfalme Jahangir, akamwamuru Khurram aende kuikomboa. Khurram akapiga hesabu zake. Mfalme ni mgonjwa, malkia Nur Jahan ana mgombea wake mwingine, sasa mimi niende kupigana mwisho wa dunia, kiti atabaki nacho nani? Akaweka masharti, akachelewa, mwisho akaasi kabisa. Uasi ulishindwa. Ili asamehewe ilibidi, mwaka 1626, awapeleke wanawe wawili kwa babu yao wakae kama dhamana: Dara, miaka 11, na Aurangzeb, miaka 7. Wakaishi hivyo, mateka wa heshima ndani ya jumba la babu yao wenyewe, mpaka babu alipofariki 1627 na baba yao akakalia kiti mwaka uliofuata.

Yaani kabla hata hajaota ndevu, huyu kijana alishalipia gharama ya Kandahar. Na tangu mwanzo alilipia pamoja na Aurangzeb.

Hapa tusimame kidogo tuieleze ngome yenyewe, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini watu wazima walipoteza akili kwa ajili ya mji mmoja wa jangwani. Kandahar iko kusini mwa Afghanistan ya leo. Karne ya 17, magharibi yake ilikuwa dola ya Wasafavi wa Uajemi, makao makuu Isfahan. Mashariki yake ilikuwa dola ya Wamughal, wenye Kabul, Lahore, Delhi na Agra. Misafara ya ngamia kati ya Uajemi na Bara Hindi ilipita hapo, na mwenye kuishika Kandahar alikuwa ameshika mlango wa kwenda Kabul. Ngome ilikaa chini ya mgongo wa jabali kavu. Kuta zake zilikuwa za udongo, ila usidharau udongo: zilikuwa nene kiasi kwamba risasi ya mzinga iliingia ikazama humo badala ya kubomoa. Nje kulikuwa na handaki lenye maji, na juu jabalini kulikuwa na vibanda vya ulinzi vya kumwona adui angali mbali. Kwenye ncha ya jabali kuna chumba kilichochongwa kwenye mwamba, chenye ngazi zinazoitwa Chihil Zina, maana yake ngazi arobaini, na humo mna maandishi ya kumbukumbu ya Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal, aliyeichukua Kandahar mwaka 1522.

Kwa hiyo Wamughal waliiona ni urithi wa babu. Waajemi nao walikuwa na hoja yao, na kusema kweli si mbaya. Humayun, mwana wa Babur, alipofukuzwa Bara Hindi alikimbilia kwa Shah wa Uajemi, akapewa jeshi, na makubaliano yalikuwa kwamba Kandahar ikitekwa itakuwa ya Uajemi. Ilitekwa 1545. Humayun akaikabidhi, halafu muda mfupi baadaye akaigeukia akaichukua mwenyewe. Toka hapo ikawa kama mpira. 1558 Waajemi. 1595 Wamughal, tena bila vita, mwenye ngome aliikabidhi mwenyewe kwa Akbar. 1622 Waajemi. 1638 Wamughal tena, bila vita tena: gavana wa Kiajemi, Ali Mardan Khan, aliogopa kwamba bwana wake Shah Safi anataka kichwa chake, akawafungulia Wamughal mlango na kuhamia kwao, ambako alipewa vyeo vikubwa hadi alipofariki 1657.

Watu hupenda kusema ni vita vya Sunni na Shia. Ni kweli Wasafavi walikuwa Mashia na Wamughal walikuwa Masunni, na maneno ya madhehebu yalitumika wakati wa kuhamasisha watu. Lakini ukoo wa Mumtaz Mahal mwenyewe ulitoka Uajemi, lugha ya ofisi ya Wamughal ilikuwa Kiajemi, na maamiri wa Kishia walijaa kwenye jeshi la Shah Jahan. Hii ilikuwa vita ya mpaka, biashara na heshima kati ya wafalme wawili waliosoma mashairi yaleyale.

Na wala si habari ya mbali na sisi kihivyo. Mwaka huohuo wa 1622, Shah Abbas yuleyule, akisaidiwa na meli za Waingereza, aliwatoa Wareno kisiwani Hormuz. Wareno wakajikusanya Muscat, Waomani wakawatoa Muscat mwaka 1650, na ni hao Waomani waliokuja kuizingira Ngome ya Yesu pale Mombasa kuanzia 1696. Ile iliwachukua karibu miaka mitatu. Waliomo ndani walimalizwa na njaa na maradhi zaidi kuliko mizinga, na walio nje waliweza kusubiri. Shika hilo la kusubiri, litatusaidia mbele.

Turudi kwa Dara. Mwaka 1633 alimwoa binti wa baba yake mkubwa, Nadira Banu. Harusi ilikuwa ya fahari kupita kiasi, na sehemu kubwa ya maandalizi yake aliyasimamia dada yake, Jahanara, aliyekuwa rafiki yake wa karibu maisha yote. Katika zama ambazo mwanamfalme kuwa na wake wengi ni jambo la kawaida, Dara alibaki na Nadira peke yake. Alimkusanyia kitabu cha picha na maandishi ya mkono, maua na ndege na sura za watu, akamwandikia zawadi kwa mkono wake. Kitabu hicho kipo mpaka leo, kimehifadhiwa London.

Mtoto wao wa kwanza, binti, alifariki akiwa mchanga. Dara aliumwa kwa majonzi, na ni katika kipindi hicho baba yake alimpeleka Lahore kwa Mian Mir, sheikh mzee wa tarika ya Qadiriya, tarika ileile ambayo watu wa Bagamoyo na Zanzibar wanaijua vizuri kwa zikri zake. Mian Mir hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Dara akawa murid wa mwanafunzi wake, Mulla Shah, pamoja na Jahanara. Hapo ndipo kipanga alipozaliwa. Mwaka 1640 alimaliza kitabu cha maisha ya mawalii, miwili baadaye akamaliza kingine juu ya Mian Mir na wenzake, na hakuacha kuandika tena. Alipiga msuli kweli, si wa kuigiza. Alitafuta watu wa kujadiliana nao popote, Waislamu kwa Wahindu, wenye vilemba na wasio na hata shati.

Wakati huohuo alikuwa mrithi, na mrithi ni lazima awe na vita kwenye jina lake. Mwaka 1639 zilipokuja habari kwamba Waajemi wanajiandaa kuirudia Kandahar, Shah Jahan alimpa jeshi akailinde. Adui hakuja. Mwaka 1642 habari zikaja tena, Dara akapelekwa tena na jeshi kubwa, na safari hii Shah Safi alikuwa kweli ameshaondoka, ila akafariki njiani, mjini Kashan. Dara akarudi nyumbani bila kumpiga mtu kofi, akapokelewa kama shujaa. Mimi naona hili ndilo lililomharibu zaidi kuliko vitabu. Mara mbili alitumwa Kandahar, mara mbili tatizo likajimaliza lenyewe, na mara zote mbili akapewa alama kamili.

Aurangzeb hakuwa na bahati hiyo. Desemba 1648 Shah Abbas wa Pili, kijana wa miaka 16, alifanya jambo ambalo Wamughal waliamini hakuna mwenye akili angelifanya: alikuja kuizingira Kandahar katikati ya baridi. Theluji ilikuwa imefunga njia za Kabul, msaada haukufika, na Februari 1649 gavana wa Kimughal akasalimu amri. Shah Jahan akamtuma Aurangzeb pamoja na waziri mkuu, Sa'dullah Khan. Walifika Mei. Uwanjani waliwapiga Waajemi waliokuja kuiokoa ngome, lakini ukuta hawakuuweza, kwa kuwa walikuja bila mizinga mikubwa. Septemba wakaondoka.

Mwaka 1652 Aurangzeb akapewa sapu. Safari hii mizinga ilikuwepo, ila miwili ilipasuka kwa kushindiliwa baruti kupita kiasi, na iliyobaki wapigaji wake hawakuwa mafundi. Waajemi walikuwa mahodari wa mizinga kwa miaka mingi, walikuwa wamepigana na Waturuki wa Uthmania vizazi kwa vizazi, wakajifunza kwa maumivu. Wao wakiwa juu na mizinga yao, anayechimba mtaro kuelekea handaki alikuwa anachimba kaburi lake. Baada ya miezi miwili na siku kadhaa Shah Jahan, aliyekuwa Kabul akituma amri kwa barua, aliamuru waondoke. Aurangzeb aliomba abaki ajaribu tena, akakataliwa. Barua za baba zilimchoma: vipi ushindwe na vifaa vyote hivi? Akapelekwa Dekani, kusini kabisa mwa dola, mbali na ikulu. Aliondoka akijua kwamba aibu yake inachekwa kwenye baraza la kaka yake.

Sasa ikawa zamu ya Dara.

Alijiandaa Lahore kwa majira yote ya baridi. Mizinga mipya mikubwa ilifuliwa, baruti na risasi zikarundikwa, wapigaji wa Kizungu wakaajiriwa. Jeshi lilikuwa la watu takriban 70,000. Inasemekana alijitapa kwamba kazi hiyo ni ya wiki moja. Februari 1653 akaondoka Lahore, akapita Multan, na mwishoni mwa Aprili alikuwa amepiga hema mbele ya zile kuta za udongo.

Tunayajua mambo ya kambi ile kwa undani usio wa kawaida, kwa sababu mtu mmoja aliyekuwepo aliandika karibu kila kitu kwenye kitabu kiitwacho Lataif-ul-Akhbar. Kukisoma kilichosimuliwa humo ni kucheka na kusikitika kwa pamoja. Dara alikuja na maamiri wazoefu, wengine wakiwa wamezingira ngome hiyohiyo mara mbili zilizopita. Alikuja pia na wapambe wake wa ikulu. Na alikuja na waganga. Mmoja alidai anamiliki majini. Mwingine aliahidi dua ya kuinyamazisha mizinga ya adui kwa saa kadhaa. Wengine waliahidi kutengeneza chombo cha kuruka hewani bila mbawa, kibebe watu wawili watatu wenye mabomu ya kutupa. Wote walipewa posho na nafasi. Chombo hakikuruka. Mizinga ya Waajemi haikunyamaza.

Usifanye haraka kucheka. Karne ile mfalme yeyote alikuwa na mnajimu wake, na Aurangzeb naye aliishi katika dunia hiyohiyo. Jambo lenye uzito ni lingine: nani alisikilizwa. Mkuu wa mizinga wa Dara alikuwa Ja'far, mpambe wake kipenzi, hodari wa maneno. Maamiri wazee walisema mambo yasiyopendeza: tundu la ukuta halijatosha, handaki halijakauka, askari wakipelekwa sasa watachinjwa. Kipenzi alisema mambo yanayopendeza. Anayekaa kwenye kamati yoyote hapa chuoni anajua nani hushinda kwenye kikao cha namna hiyo.

Kulikuwa na Raja Jai Singh wa Amber, Mrajput, jemadari aliyeshiriki mazingiwa yote matatu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hesabu nyingi. Inasimuliwa kwamba Dara alimsimanga mbele za watu: kwamba hii ni mara yake ya tatu kuja Kandahar, akirudi mikono mitupu tena atawatazamaje wanawake wa nyumbani? Jai Singh alimeza. Watu wa aina ile hawajibu siku hiyo.

Mtu mmoja alifanya kazi ya maana, Rustam Khan, mzee wa vita, aliyepelekwa magharibi akaiteka ngome ya Bust na kukata njia ya msaada kutoka Uajemi. Lakini kwenye ukuta wenyewe wiki zikawa miezi. Walijaribu kuyatoa maji ya handaki, walichimba mitaro, waliilaza mizinga yao mikubwa ikapiga mpaka sehemu za ukuta zikamomonyoka. Usiku Waajemi walitoka kimyakimya, wakawachinja walinzi wa mitaro, wakaharibu walichoweza na kurudi ndani. Mwezi Agosti Dara aliamuru shambulio kubwa. Askari walipanda kuelekea kwenye matundu ambayo hayakuwa matundu ya kutosha, wakapokewa kwa moto kutoka juu na pembeni, wakaanguka kwa mamia. Hakuna aliyeingia.

Baada ya hapo ilikuwa kusubiri tu, na hapa ndipo Mombasa inapotusaidia. Kandahar walio nje hawakuweza kusubiri. Ngome ilikuwa na akiba ndani. Jeshi la watu 70,000 na wanyama wao lilishakula kila jani la bonde, risasi na baruti vilikuwa vinaisha, na baridi ilikuwa inakuja, ile baridi ambayo 1649 iliwafungia njia. Mwishoni mwa Septemba 1653, baada ya miezi mitano, Dara alivunja kambi. Rustam Khan akaitwa arudi kutoka Bust. Njiani Waafghani na Waajemi waliwavizia waliobaki nyuma, na wanyama walikufa wengi. Mwanahistoria Jadunath Sarkar alikadiria kwamba mazingiwa yale matatu yaliigharimu hazina ya Wamughal zaidi ya rupia milioni 100, karibu nusu ya mapato ya dola nzima ya mwaka. Hawakuishika Kandahar tena.

Haya, kipanga alishindwa. Lakini huyo asiye kipanga, Aurangzeb, askari tangu utotoni, alishindwa palepale mara mbili. Ukuta haukuuliza nani kasoma nini. Walioshinda Kandahar walishinda kwa mizinga bora, kuta nene na kalenda, na hayo matatu yangemshinda yeyote aliyetoka mashariki mwaka ule. Kwa hiyo anayesema Dara alishindwa Kandahar kwa sababu ya vitabu hajaangalia ramani.

Tofauti ya ndugu wale wawili inaonekana baada ya kushindwa. Aurangzeb alirudi na aibu, akatupwa Dekani, na huko alitumia miaka mitano kujenga jeshi lake, hasa mizinga, na kuwafahamu maamiri mmoja mmoja, nani ana deni, nani ana kinyongo na nani. Dara alirudi akakumbatiwa. Mwaka 1655 baba yake alimpa cheo cha Shah-i-Buland Iqbal na kiti cha dhahabu karibu na kiti cha enzi. Kufeli kule hakukumgharimu chochote, au ndivyo alivyoona.

Ila nisimwonee. Aliporudi kutoka Kandahar, njiani alikaa Lahore, na huko alikutana na mcha Mungu wa Kihindu aitwaye Baba Lal. Wakajadiliana kwa vikao kadhaa, maswali na majibu, juu ya roho, ufalme, ufakiri na kifo, na mwandishi wa ikulu, Chandarbhan, alihusika kuyahifadhi. Jemadari anatoka kuzika mamia ya watu wake, anakaa chini mbele ya fakiri anauliza maswali. Unaweza kumcheka. Mimi siwezi. Mwaka 1655 akaandika Majma-ul-Bahrain, yaani makutano ya bahari mbili, akilinganisha istilahi za Kisufi na za Kihindu. Mwaka 1657, akiwa na wanazuoni wa Kihindu, alimaliza kutafsiri Upanishad 50 kwa Kiajemi, akakiita kitabu hicho Sirr-i-Akbar, siri kubwa kuliko zote. Nakala yake ilifika Ufaransa karne iliyofuata, Anquetil-Duperron akaitafsiri kwa Kilatini, ikachapwa 1801 na 1802, na kwa njia hiyo Schopenhauer na Ulaya yake wakazijua Upanishad. Hiyo kazi ilifanyika na mtu aliyekuwa na kazi nyingine ya mchana.

Septemba 1657 Shah Jahan aliugua, na wana wanne wakaanza kupigania kiti. Vita yenyewe nitaipita haraka. Shuja aliyetoka Bengal alipigwa mwanzoni mwa 1658 na jeshi la Sulaiman, mwana wa Dara, akiongozwa na Jai Singh. Aurangzeb na Murad waliungana, wakashinda Dharmat mwezi Aprili, na mwishoni mwa Mei wakakutana na Dara mwenyewe Samugarh, karibu na Agra. Rustam Khan, mzee wa Bust, alifia hapo upande wa Dara. Vita ilipochemka Dara alishuka kwenye tembo apande farasi. Jeshi likaona kiti juu ya tembo kitupu, likadhani ameuawa, likasambaratika.

Na Jai Singh? Alikuwa na Sulaiman mashariki habari zilipofika. Alimwacha kijana njiani akaenda kwa Aurangzeb. Mwaka uliofuata, Dara akikimbia kutoka Delhi hadi Lahore, Multan, Sindh, Gujarat, akashindwa tena Deorai karibu na Ajmer, mji wa kuzaliwa kwake, akarudi tena mbio kuelekea Sindh, mmoja wa waliokuwa wakimfuata nyuma bila kuchoka alikuwa Jai Singh. Sisemi ni simango la Kandahar peke yake. Mrajput yule alijua kusoma upepo, na upepo ulikuwa wazi. Lakini maamiri waliochagua upande mwaka 1658 walikuwa walewale waliokaa miezi mitano mbele ya ukuta ule wakiona nani anasikilizwa hemani na nani anatukanwa. Kwangu mimi kura zilipigwa kule.

Daktari Mfaransa, François Bernier, alikutana na Dara njiani karibu na Ahmedabad. Msafara wa mrithi wa dola tajiri kuliko karibu zote duniani ulikuwa umebaki na watu wachache, na wake wa nyumba yake wakiwa nyuma ya mapazia yaliyofungwa kamba kwenye magurudumu ya gari la daktari. Daktari alimtibu Nadira Banu maradhi ya mguu kwa siku chache, kisha Dara ikambidi aondoke.

Sasa angalia alikokuwa anaelekea. Kutoka Sindh alitaka kupita njia ya Bolan, aingie Kandahar, aombe hifadhi kwa Shah wa Uajemi. Ngome aliyoishindwa ndiyo ikawa tumaini lake la mwisho. Babu wa babu yake, Humayun, alikimbia njia za huko hivyohivyo, akarudi na jeshi la Waajemi. Huenda Dara alilifikiria hilo. Nadira Banu, akiwa hoi kwa ugonjwa wa tumbo, hakutaka kwenda Uajemi. Walisimama Dadar, karibu na mlango wa Bolan, kwa chifu wa Kiafghani aitwaye Malik Jiwan. Miaka kadhaa nyuma Shah Jahan alikuwa ameamuru huyo bwana akanyagwe na tembo, na Dara ndiye aliyemwombea akapona. Nadira alifia hapo, Juni 1659. Dara aliwapa askari wake wachache waaminifu mwili wa mkewe waupeleke Lahore ukazikwe karibu na Mian Mir. Akabaki karibu bila mlinzi. Siku chache baadaye Malik Jiwan alimkamata akiwa ndiyo anaanza safari ya Bolan, akamtolea taarifa kwa waliokuwa wanamfuata. Waliofika kumchukua ni Bahadur Khan na Jai Singh.

Mwisho wa Agosti alipitishwa mitaani Delhi juu ya tembo jike mchafu, amevaa nguo chakavu, na mwanawe mdogo Sipihr pembeni yake. Bernier alikuwepo akaona watu wakilia. Malik Jiwan alipopita siku iliyofuata watu walimrushia uchafu na mawe mpaka askari wakaingilia. Aurangzeb aliona hatari. Wanazuoni wa ikulu walitoa hukumu kwamba Dara ameritadi, na vitabu vyake vilikuwa sehemu ya mashtaka. Usiku ule aliuawa. Alizikwa kwenye uwanja wa kaburi la Humayun, na kati ya makaburi mengi yasiyo na majina pale, watu bado wanabishana lipi ni lake.

Ngome ya Kandahar iliendelea kuwa ya Waajemi mpaka Mirwais Hotak alipowaasi mwaka 1709. Nader Shah aliizingira karibu mwaka mzima, akaiteka 1738, akaibomoa. Mji wa leo ulijengwa pembeni. Chihil Zina bado ipo, ukipanda ngazi unafika kwenye chumba cha Babur, na chini yako ni vilima vya udongo vilivyokuwa ukuta.